Mtoto wa nyoka nyumbani: Kizimba ndicho kinga ya watoto wako

WAHENGA walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa miaka mingi methali hiyo ilitosha kumaliza mjadala katika nyumba nyingi za humu nchini. Nyoka akionekana, awe mdogo au mkubwa, rungu lilitafutwa na habari yake ikaishia hapo.

Siku hizi mambo yamebadilika kiasi. Watoto wa mjini hutazama vipindi vya wanyama kwenye televisheni na simu. Wengine wana binamu Uingereza au Marekani wanaofuga nyoka chumbani kama sisi tunavyofuga paka. Si ajabu basi kwamba wazazi wameanza kuombwa nyoka na watoto wao, nao huja kumuuliza daktari: Je, nyoka mdogo asiye na sumu anaweza kuishi katika nyumba yenye watoto bila kuwadhuru?

Anaweza, lakini kwa masharti, na sharti kubwa ni kizimba chake. Watu wengi hudhani kwamba hatari ya nyoka iko kwenye meno. Kwa nyoka asiye na sumu, hatari kubwa iko kwenye kinyesi, na kizimba ndicho kinachoamua kinyesi hicho kitafika wapi. Kizimba hicho hicho ndicho kinachoamua iwapo nyoka mwenyewe ataishi au atakufa kabla ya kumaliza miezi michache.

SHERIA KWANZA

Kabla ya kumtafuta fundi wa kizimba, yafaa ieleweke kwamba nchini Kenya huwezi kumwokota nyoka kichakani, au kumnunua kwa mtu, ukamweka nyumbani kwako. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka mtu awe na kibali kabla ya kumiliki mnyama wa porini, na shirika linalohusika ni KWS. Aidha, chatu wa kila aina na jamaa zao wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na hawavushwi mpaka bila karatasi rasmi. Aliye na ndugu ng'ambo naye amkumbushe kuulizia sheria za huko, kwa kuwa hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na kule Marekani hata kutoka jimbo hadi jimbo.

Kwa daktari, sheria hii ina faida nyingine. Nyoka wa kuokotwa ni vigumu kumtambua akiwa mchanga. Mtoto wa bafe ana sumu tangu siku anapozaliwa, na rangi zake za mabaka zinaweza kumfanya mtu asiyejua amdhanie kuwa chatu mdogo. Kuna pia nyoka mdogo mweusi anayeishi ardhini, anayeonekana mpole kabisa, lakini ana meno marefu yanayochomoza ubavuni mwa mdomo. Huyo hata ukimshika nyuma ya kichwa atakuchoma. Kwa hivyo, mtoto wako akikuletea nyoka ndani ya chupa, usimfanye mgeni wa nyumba. Mwondoe mtoto karibu naye, funga chumba, kisha uwaite wanaojua kazi hiyo.

MZALIWA WA KENYA ANAYEFUGWA NG'AMBO

Wengi watashangaa kusikia kwamba mmoja wa nyoka wanaofugwa sana Ulaya na Marekani ana asili katika maeneo makavu ya kwetu. Ni nyoka mnene, mfupi, mwenye mabaka meusi au ya kahawia juu ya rangi ya machungwa, ambaye hujifukia mchangani. Wataalamu humwita Eryx colubrinus, na wafugaji wa ng'ambo humtaja kwa jina la Kenya. Hupatikana pia Misri, Sudan, Ethiopia, Somalia na Tanzania.

Nyoka huyu hana sumu. Jike akikomaa anaweza kukaribia urefu wa sentimita 80 au kuzidi kidogo, na dume huwa mdogo zaidi. Hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai, wenye urefu wa kama sentimita 20 na unene unaokaribia wa kalamu. Anaweza kuishi miaka 15 hadi 20 akitunzwa vyema. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 9 anayepewa nyoka leo anaweza kuwa na watoto wake mwenyewe kabla ya nyoka huyo kufa. Tutamtumia yeye kama mfano wetu, kwa sababu mengi yanayomhusu yanawahusu pia nyoka wengine wadogo.

UGONJWA ULIO KWENYE KINYESI

Nyoka, kobe na mijusi wengi hubeba bakteria za salmonela matumboni bila kuugua. Bakteria hizo hutoka pamoja na kinyesi, zikaenea kwenye ngozi ya nyoka, kwenye bakuli lake la maji na kwenye kuta za kizimba. Nyoka huonekana safi na mwenye afya. Hata kupima kinyesi chake mara moja na kukosa kuziona si hakikisho, kwa kuwa hazitoki kila siku.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1975 serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wa majini ambao gamba lao halijafikia inchi 4, kwa sababu watoto waliokuwa wakiwachezea walikuwa wanaugua salmonela.

Dalili huanza kati ya saa 6 na siku 6 baada ya bakteria kuingia mwilini. Mgonjwa huhara, hupata homa, na tumbo humsokota. Mtu mzima mwenye afya hupona katika siku 4 hadi 7 kwa kunywa maji ya kutosha. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mzee wa zaidi ya miaka 65, mtu anayeishi na virusi vya HIV, au mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali, bakteria zinaweza kuingia katika damu, na wakati mwingine zikafika kwenye utando wa ubongo. Mgonjwa wa selimundu huweza kupata usaha ndani ya mifupa. Hapa kwetu, mtoto aliyedhoofishwa na malaria au utapiamlo yumo katika hatari hiyo pia.

Hebu tuchukue mfano. Baba anarudi kazini jioni, anamtoa nyoka, anamweka begani kwa dakika kumi, kisha anamrudisha. Mama anamwita amshike mtoto wa miezi minane huku akiandaa uji. Baba anamnyanyua mtoto, na mtoto anaweka mdomo kwenye bega la shati. Mtoto huyo hajawahi hata kumwona nyoka, lakini siku tatu baadaye anapelekwa hospitali akiwa na homa na kuhara.

Kwa sababu hiyo ushauri wa kitabibu hauna mzunguko. Nyumba iliyo na mtoto wa chini ya miaka 5, au mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika, isifuge nyoka kabisa. Asubiriwe mtoto akue. Nyumba nyingine zinaweza kuendelea kusoma.

KIZIMBA KIWE CHA AINA GANI?

Kizimba kinaweza kuwa cha kioo chenye kifuniko cha wavu wa waya, cha plaiwudi chenye mlango wa kioo wa kusukuma kando, au sanduku la plastiki ngumu lililotobolewa matundu madogo ya hewa. Kila kimoja kina faida yake. Kioo ni rahisi kusafisha lakini hupoteza joto haraka. Mbao hushika joto, ila lazima zipakwe vanishi ndani na kuachwa zikauke hadi harufu iishe kabisa, la sivyo mkojo na kinyesi vitapenya ndani na hutaweza kuviua vijidudu. Plastiki ni nyepesi na ya bei nafuu, na inafaa kwa miezi ya kwanza.

Kuhusu ukubwa, wafugaji wa zamani walisema nyoka mchanga awekwe katika kisanduku kidogo, kwani kizimba kikubwa humtia hofu akakataa kula. Leo inajulikana kwamba kinachomtia hofu ni uwazi, wala si ukubwa. Kizimba kikubwa chenye maficho ya kutosha hakimdhuru. Kipimo kizuri ni hiki: nyoka aweze kujinyoosha mwili wote bila kujikunja. Kwa mtoto wa nyoka wetu wa mchangani, kizimba cha urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30 kinamtosha kwa kuanzia. Jike akikomaa atahitaji urefu wa sentimita 90 na upana wa 45. Kimo hakina umuhimu sana kwake, kwa sababu hapandi miti.

Lililo muhimu kuliko ukubwa ni mlango. Nyoka mwembamba kama kalamu hupenya mahali ambapo hungedhania. Kichwa kikipita, mwili wote utapita. Kagua kila pembe, kila tundu la waya wa umeme, na kila nafasi kati ya vioo viwili vya mlango. Kifuniko kiwe na vibanio imara pande zote, na mlango uwe na kufuli ambayo ufunguo wake unawekwa na mtu mzima. Jiwe au kitabu kizito juu ya kifuniko si kufuli. Nyoka aliyetoroka katika nyumba za ghorofa huingia kwa jirani, na jirani huyo hajui kama ana sumu au hana.

JOTO NA UMEME

Nyoka hana joto lake mwenyewe kama sisi. Hulipata kutoka mahali alipo. Akikosa joto hawezi kusaga chakula, kikabaki tumboni hadi kikaoza au akakitapika. Kwa hivyo kizimba lazima kiwe na upande wa joto na upande wa baridi, ili achague mwenyewe. Kwa nyoka huyu wa nchi kavu, sakafu ya upande mmoja iwe na nyuzi 32 hadi 34 za Selsiasi, na upande wa pili nyuzi 24 hadi 26.

Njia rahisi ni kutumia mkeka wa umeme wa kupasha joto, unaowekwa chini ya theluthi moja ya kizimba. Mkeka huo usitumiwe kamwe bila themostati, yaani kifaa cha kuzima na kuwasha umeme joto linapozidi au kupungua. Bila kifaa hicho mkeka unaweza kumuunguza nyoka tumbo, na pia kuwasha moto ndani ya nyumba. Balbu isiwekwe ndani ya kizimba bila kifuniko cha waya, kwa kuwa nyoka hujizungusha kwenye kitu chenye moto bila kutambua kwamba anaungua. Nao mkeka, balbu na vifaa vingine visichomekwe vyote kwenye soketi moja iliyopachikwa nyingine.

Usipime joto kwa kiganja. Nunua vipimajoto viwili, kimoja kwa kila upande, na uvisome asubuhi na usiku.

Mazingira ya mji wako pia ni muhimu. Nairobi, Nakuru na Eldoret mwezi wa Julai, usiku huwa baridi kiasi cha kumdhoofisha nyoka. Stima ikipotea, jaza chupa maji ya moto, izungushe taulo, na uiegemeze nje ya kizimba upande wa joto. Mombasa na Malindi taabu ni kinyume, kwani chumba kisicho na hewa huweza kupata joto kupita kiasi mchana. Popote ulipo, usiweke kizimba cha kioo karibu na dirisha linalopigwa na jua. Jua la moja kwa moja linaweza kumuua nyoka kwa muda mfupi sana, kama linavyoweza kumuua mtoto aliyefungiwa ndani ya gari.

SAKAFU, MAFICHO NA MAJI

Katika wiki za kwanza, tandika gazeti. Ni rahisi, na kinyesi huonekana mara moja, hivyo unaweza kujua kama nyoka anaendelea vyema. Tandika kurasa kadhaa ili aweze kujificha kati yake. Akishazoea na kula mara tatu au nne mfululizo, unaweza kumwekea tabaka la sentimita 5 hadi 8 la maranda makavu yasiyo na vumbi ili ajifukie. Epuka maranda ya mtarakwa na miti mingine yenye harufu kali, kwani mafuta yake hudhuru mapafu ya nyoka.

Weka maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Likiwa moja tu, nyoka atalazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na mara nyingi atachagua usalama akakaa na baridi hadi augue. Si lazima ununue kitu cha ghali. Kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango mdogo, au kipande cha chungu kilichogeuzwa, kinatosha. Maficho yawe finyu kiasi cha kumgusa mwili pande zote.

Bakuli la maji liwe dogo na zito ili lisipinduke, na maji yabadilishwe kila siku. Liweke upande wa baridi. Nyoka huyu wa jangwani hapendi unyevu. Sakafu ikiwa majimaji, ngozi ya tumbo hutoka malengelenge na kifua huugua. Wanaoishi pwani wahakikishe hewa inapita vizuri.

Kizimba kiwashwe na kupimwa kwa wiki nzima kabla nyoka hajaletwa. Hili ndilo kosa linalofanywa na wengi: nyoka analetwa Jumamosi ndani ya mfuko, na kizimba kinatafutwa Jumatatu. Akifika, mwache siku 7 hadi 10 bila kumshika.

MAHALI PA KUKIWEKA

Kizimba kisiwekwe jikoni, wala mezani mnapolia chakula, wala karibu na chupa na vyombo vya mtoto. Kiwe juu ya meza imara, katika chumba kinachofungika. Kila kitu cha nyoka kiwe na rangi au alama yake, yaani karai, brashi, kitambaa na bakuli, na kisitumiwe kwa kazi nyingine.

Usioshe vitu hivyo kwenye sinki la jikoni wala pale mnapopigia mswaki. Vioshee nje ndani ya karai, na maji machafu yamwagwe chooni. Sugua kwanza kwa sabuni, kisha tia dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji. Iache kwa dakika 10, suuza vizuri, na ukaushe kabla ya kumrudisha nyoka. Dawa hiyo isichanganywe na sabuni nyingine ya maji wala na siki.

Chakula cha nyoka nacho kina mambo yake. Nyoka mchanga hula kitoto cha panya kila baada ya siku 5 hadi 7, asiyezidi unene wa mwili wa nyoka. Panya waliouawa na kugandishwa ni salama kwa nyoka kuliko walio hai, kwani panya hai huweza kumng'ata. Lakini kugandisha hakuui salmonela, na panya wa namna hiyo wamewahi kuwaambukiza watu kule Marekani na Uingereza. Kwa hivyo wasihifadhiwe kwenye friji ya nyama na maziwa yenu, na wasiyeyushwe ndani ya wimbi la maikrowevu. Watiwe ndani ya mfuko na kuzamishwa kwenye maji ya vuguvugu ndani ya chombo chao wenyewe. Mlishe kwa koleo, wala si kwa vidole.

Baada ya kumshika nyoka au kugusa kizimba, kila mtu anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20. Nguo iliyoguswa na nyoka ibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto mchanga, hata akiwa mgeni. Nyoka asibusiwe, asiwekwe shingoni mwa mtoto, wala asiachwe kutambaa kitandani.

AKIUMA

Nyoka asiye na sumu huweza kuuma akishtuka au akisikia harufu ya panya mkononi. Osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, na umwone daktari kama hujachanjwa dhidi ya pepopunda kwa miaka mingi, au kidonda kikivimba na kutoa usaha.

Lakini mtu akiumwa na nyoka yeyote ambaye hajulikani kwa hakika, jambo hilo ni la dharura. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na bado inaua watu wengi Afrika. Mlaze mgonjwa, mtulize, vua pete na bangili, na usiache kiungo kilichoumwa kitikisike. Mpeleke hospitali mara moja. Usikate kidonda, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza, na usipoteze muda kwa kumsaka nyoka.

Mtoto akipata homa na kuhara katika nyumba yenye nyoka, mwambie daktari kuhusu nyoka huyo hata asipokuuliza. Neno hilo moja litamfanya apime kinyesi na damu mapema badala ya kudhani ni malaria au chakula kilichoharibika. Kuhara damu, kushindwa kunyonya, shingo kukakamaa au usingizi usio wa kawaida ni dalili za kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya yote haya, mzazi anaweza kuamua kwamba haki ya mtoto ya kumjua nyoka inaweza kutimizwa kwa njia nyingine. Kuna bustani ya nyoka kwenye Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, na huko Watamu kuna shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980. Mpeleke mtoto huko siku moja ya likizo. Akirudi bado anamtaka nyoka, na nyumbani hakuna mtoto mchanga wala mgonjwa, basi anzeni kwa kibali, kisha kizimba, na nyoka awe wa mwisho kuingia.